Inua Ulimi: Jenerali Slim, Vidonge vya Njano na Babu Yangu wa Keya

Tulipokuwa watoto nyumbani kwa babu, Isevya, Tabora, homa ikikushika ulijua kuna gwaride linakungoja. Bibi alileta klorokwini kwenye kisosi pamoja na kikombe cha maji. Ulimeza huku machozi yanakutoka, maana zile dawa zilikuwa chungu kama shubiri. Babu alikuwa amesimama mbele yako, mikono nyuma, kifua mbele. "Fungua mdomo." Unafungua. "Inua ulimi." Unainua. Anainama, anachungulia chini ya ulimi, anakagua shavu la kulia na la kushoto, ndipo anasema "Haya" na kukuacha uende. Akisema maneno yale sauti yake ilibadilika. Ilikuwa sauti ya juu kidogo, yenye kukatakata, ambayo hakuitumia popote pengine, si msikitini, si shambani, wala akigombana na wachuuzi wa tumbaku.

Siku moja binamu yangu alificha vidonge kwenye shavu, akaponyoka ukaguzi, akavitema nyuma ya mwembe. Kesho yake asubuhi babu akavikuta vimelowa umande. Hakumchapa. Alimketisha kwenye mkeka, akamwambia taratibu, "Wewe unadhani umenidanganya mimi. Wenzangu waliokuwa wakitema vyao niliwabeba mwenyewe kwenye machela, matope yakinifika hapa." Akaonyesha juu ya goti.

Babu alikuwa Keya. Ndivyo wazee walivyoiita KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya Mwingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Burma, Myanmar ya leo, ambayo yeye aliitamka Bama, na alisimulia kwa uchache sana: matope, ruba, magunia ya mchele yaliyokuwa yakianguka kutoka kwenye ndege, na vidonge vya njano vilivyowageuza ngozi rangi ya manjano. Alifariki tukiwa bado tunasoma, na hatukuwahi kumuuliza kwa nini alihangaika na ndimi zetu kiasi kile. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikisoma maisha ya mtu ambaye babu hakuwahi hata mara moja kumtaja: Jenerali William Slim.

Nimeandika makala hii kwa sababu naona Waswahili hatumjui Slim, ilhali maelfu ya babu zetu walikuwa askari wake.

William Joseph Slim alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 6 Agosti 1891, akakulia Birmingham. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma, na biashara haikumwendea vizuri. Kijana alisoma akamaliza sekondari, lakini fedha za chuo kikuu hazikuwepo. Akafundisha shule ya msingi katika mitaa ya maskini, halafu akawa karani katika kampuni ya mabomba ya chuma. Alitamani uanajeshi, lakini uofisa wa jeshi la Uingereza zama hizo ulikuwa wa watoto wa wenye nacho. Mshahara wa ofisa haukutosha hata gharama za mezani kwenye mesi, na familia ndiyo iliyotarajiwa kumwongezea. Mwaka 1912 aliweza kujipenyeza kwenye kikosi cha mafunzo cha Chuo Kikuu cha Birmingham ingawa hakuwa mwanafunzi pale. Vita vilipolipuka mwaka 1914 maofisa wakahitajika kwa maelfu, na karani wa mabomba akavalishwa cheo cha luteni.

Mwaka uliofuata alikuwa Gallipoli, Uturuki, ambako risasi ilimpiga ikapenya hadi kwenye pafu. Kule aliwaona Wagurkha wa Nepal wakipigana jirani na kikosi chake, akawapenda kwa mapenzi ambayo hayakumtoka mpaka kufa. Akarudi vitani, safari hii Mesopotamia, Iraki ya leo, akajeruhiwa tena mwaka 1917 na kutunukiwa nishani ya Msalaba wa Kijeshi. Vita vilipokwisha alihamia Jeshi la India, ambako ofisa asiye na mali ya kwao aliweza kuishi kwa mshahara wake, akapangiwa kwa Wagurkha wale wale. Hata hivyo mshahara ulimbana, akawa anaandika hadithi za magazetini kwa jina la bandia, Anthony Mills. Ukilisoma jina hilo la pili kinyumenyume utamwona Slim humo ndani.

Miaka ya katikati naipita. Alifundisha kwenye vyuo vya kijeshi, akapanda cheo polepole kama walivyopanda wote wakati wa amani.

Novemba 1940 alikuwa brigedia kwenye mpaka wa Sudan na Ethiopia, akipambana na Waitaliano. Hii ilikuwa sehemu ya vita vile vile ambavyo askari wa KAR walivipigana wakitokea Kenya kuelekea Somalia na Addis Ababa. Slim alitwaa ngome ya Gallabat, kisha akashindwa kuuchukua mji wa Metemma ulio ng'ambo ya mpaka. Vifaru vyake viliharibika kwenye mawe, ndege za Waitaliano zikatawala anga, na baadhi ya askari wake wakaingiwa na hofu wakakimbia. Akarudi nyuma. Baadaye aliandika wazi kwamba alikuwa na njia mbili siku ile, akachagua ile ya woga, na kwamba alikosea. Nimesoma kumbukumbu za wakubwa wengi wa vita, na kwa kawaida anayekosea ni mwenzao, au hali ya hewa, au serikali. Slim anaandika "nilikosea" bila kulizungusha neno, tena kwenye kitabu ambacho dunia nzima ingekisoma.

Machi 1942 aliitwa Burma kubeba mzigo ambao hakuna aliyeutaka. Rangoon, mji mkuu na bandari, ulikuwa umekwisha kuanguka mikononi mwa Wajapani. Slim akapewa kuongoza kikosi kilichobaki, kikiwa hakina njia ya kupata chakula, risasi wala watu wapya, na kazi yake ikawa kukitoa kikiwa hai. Walirudi nyuma takriban maili 900 hadi mpaka wa India. Jeshi la Uingereza halijawahi kurudi nyuma umbali mrefu kuliko huo. Zaidi ya askari 13,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mvua za masika zilipoanza mwezi Mei, Slim alisimama kando ya barabara akiwatazama wa mwisho wakipanda kuingia Imphal. Walikuwa wamekonda, nguo zimewachanikia mwilini, lakini kila mmoja ameshika silaha yake, na walitembea kwa mistari. Hakuna aliyewapokea kwa shukrani.

Kuanzia hapo ndipo maisha ya Slim yanaponigusa mimi. Oktoba 1943 alikabidhiwa Jeshi la 14, jeshi ambalo lilikuja kukaribia watu milioni moja, wengi wao Wahindi, pamoja na Wagurkha, Waingereza, na Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi. Adui wa kwanza aliyemkuta hakuwa Mjapani. Mwaka ule, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Malaria peke yake iliwashika askari kwa kiwango cha asilimia 84 kwa mwaka. Kulikuwa na kuhara damu, homa ya utitiri wa vichakani, na vidonda vya ngozi visivyopona. Slim alipiga hesabu akaona kwamba kwa mwendo ule, baada ya miezi michache jeshi lake lingekuwa limekwisha bila Mjapani kufyatua risasi.

Dawa ilikuwepo. Iliitwa mepakrini, kidonge cha njano cha kumeza kila siku ili kuizuia malaria. Tatizo lilikuwa askari wenyewe. Ilikuwa chungu, iliwageuza rangi, na uvumi ulikuwa umeenea kambini kwamba inaua nguvu za kiume. Basi watu waliipokea, wakaiweka kinywani, wakageuka pembeni wakaitema.

Slim hakuwaachia madaktari kazi hiyo. Alisema zaidi ya nusu ya vita dhidi ya maradhi hupiganwa na maofisa wa vikosi. Akaanzisha ukaguzi wa kushtukiza: kikosi kizima kinapangwa, kila askari anapimwa kama dawa imo mwilini. Ikionekana waliomeza hawafiki asilimia 95, kamanda wa kikosi anafukuzwa kazi. Alifukuza watatu tu. Baada ya hapo, anasema, waliobaki walikuwa wamemwelewa.

Niliposoma mistari ile nilikuwa nimekaa kwenye daladala iliyokwama Ubungo, na nikaifunga simu. Nilimwona babu, mikono nyuma, kifua mbele. Amri ya jenerali aliyekaa kwenye hema lake mahali fulani Bengal ilishuka kwa mkuu wa divisheni, ikashuka kwa kanali aliyeogopa kufukuzwa, ikashuka kwa kapteni, ikashuka kwa sajini, sajini akasimama mbele ya kijana wa Kinyamwezi akamwambia ainue ulimi. Amri haikuishia hapo. Ilivuka bahari na miaka 40 ikanikuta mimi kwenye mkeka, Isevya.

Matokeo yalikuwa makubwa. Kufikia mwaka 1945 walioingia hospitali kwa maradhi walikuwa mtu mmoja tu kwa kila askari 1,000 kwa siku, wakati mwaka 1943 walikuwa 12. Slim alifanya mengine mengi ya namna hiyo, madogo ukiyatazama juu juu. Kikosi cha mbele kikiwekwa kwenye nusu ya posho ya chakula, makao makuu yake nayo yalikula nusu. Miavuli ya hariri ya kudondoshea mizigo ilipokosekana, aliagiza ishonwe ya juti kutoka viwanda vya Calcutta. Mwavuli mmoja ulifika pauni moja na kitu, badala ya zaidi ya 20. Zile mvua za magunia alizosimulia babu zilikuwa sehemu ya mpango huo. Jeshi zima lilifundishwa kula kutoka angani, ili Mjapani akiwazingira wakae pale pale wapigane, wasikimbilie barabara ya nyuma.

Machi 1944 Jenerali Mutaguchi alivuka na Wajapani wapatao 85,000 kuja kuivamia India kupitia Imphal na Kohima. Slim aliwaacha waje mbali na ghala zao, akawasubiri kwenye uwanda. Alikosea hesabu ya Kohima, ambako adui alikuja na nguvu kuliko alivyotazamia, na hilo pia amelikiri kwa kalamu yake. Mapigano yaliendelea hadi Julai. Wajapani walipogeuka kurudi walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 50,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliougua, na maelfu wakafa njiani kwa njaa.

Desturi ya vita vya Burma ilikuwa kwamba masika ikianza, pande zote zinajikunyata zingoje jua. Slim akakataa kungoja. Na aliowatuma kumfukuza Mjapani kwenye mvua ile, kulifuata Bonde la Kabaw kutoka Tamu kwenda kusini, walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes. Alama ya bega lao ilikuwa kichwa cha kifaru. Humo mlikuwa na batalioni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, na kikosi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi zao nyingi.

Kabla ya kufika huko walikuwa wamekwisha kulipa. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikielekea Colombo, imebeba wapiga mizinga wa rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, ikazama katika dakika chache. Manowari zilizoisindikiza zililazimika kurusha mabomu ya kina mle mle walimokuwa wakielea manusura, kwa kuwa nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Watu 1,297 walikufa. Nimekulia Tanzania, nimesoma historia mpaka kidato cha sita, na sikuwahi kuisikia meli hii darasani.

Bonde la Kabaw wakimbizi wa 1942 waliliita Bonde la Mauti, na malaria yake ilijulikana kuwa kali kuliko zote za mpaka ule. Barabara ilikuwa uji. Askari walikata magogo wakayalaza moja moja ili malori yapite, na baadaye wahandisi wakatandika vitambaa vya magunia vilivyochovywa lami, zaidi ya maili 100. Babu alisema kulikuwa na siku walitembea asubuhi mpaka jioni na bado wakiona moshi wa jiko la jana. Katikati ya Novemba walifika Kalemyo wakakutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 waliotoka upande wa Tiddim, na mwanzoni mwa Desemba Kalewa ikawa mikononi mwao. Walivuka mto Chindwin. Nyuma yao wahandisi wakaunga daraja la kuelea la futi 1,154, na juu yake likapita jeshi lililokwenda kuchukua Mandalay na Meiktila mwezi Machi 1945, halafu likateremka kuelekea Rangoon kabla ya masika mengine. Waandishi wa vita husifu sana mbinu ya Meiktila, jinsi Slim alivyomwonyesha adui Mandalay huku akimpiga mgongoni, na sifa hizo anazistahili. Mimi kila nikisoma habari zile macho yanarudi kwenye lile daraja, na waliotembea mvuani mpaka pakawa na mahali pa kulijenga.

Mwezi Mei 1945, siku chache baada ya Rangoon kurudi, mkubwa wake, Jenerali Leese, alimwambia kwamba ataondolewa kwenye uongozi wa Jeshi la 14. Maofisa na askari walikasirika, uamuzi ukageuzwa, na aliyeondoka akawa Leese. Slim alistaafu mwaka 1948, akaenda kusaidia kuendesha reli, lakini Waziri Mkuu Attlee akamwita kuwa mkuu wa majeshi yote ya nchi kavu ya Uingereza. Montgomery, aliyekuwa akiondoka kwenye kiti hicho, alikuwa na mtu wake mwingine na alikwisha kumwahidi. Attlee hakumsikiliza. Hakuna ofisa wa Jeshi la India aliyewahi kushika nafasi ile kabla. Januari 1949 yule karani wa mabomba akawa Fildi Mashali.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wake wa Kiingereza hulipita haraka. Askari Mwafrika wa cheo fulani alilipwa kidogo kuliko Mzungu wa cheo hicho hicho, na alipoachishwa jeshi kiinua mgongo chake kilipangwa kwa rangi. Waliorudi kutoka Burma walikuwa wamemwona Mzungu akiogopa, akiugua, akifa. Abdulwahid Sykes alirudi Dar es Salaam kutoka Burma akawa miongoni mwa waliojenga njia ya TANU, iliyozaliwa 1954. Waruhiu Itote, aliyejifunza vita vya msituni Burma akiwa KAR, alirudi Kenya, na baadaye msitu wa Mlima Kenya ukamjua kwa jina la Jenerali China wa Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Siku ile mkuu wa jeshi lililotumwa kumwinda Itote na wenzake alikuwa bado Slim, akihesabu siku zake za mwisho ofisini.

Kutoka 1953 hadi 1960 alikuwa Gavana Mkuu wa Australia, na aliheshimiwa sana kule kwa sababu ya jeraha la Gallipoli. Hapa pia lazima niseme jambo lingine, hata kama linaniuma mimi niliyemsoma kwa upendo. Miaka mingi baada ya kifo chake, wanaume waliopelekwa Australia wakiwa watoto na kulelewa kwenye shule ya shamba ya Fairbridge, Molong, walieleza hadharani kwamba alipowatembelea aliwashika kwa namna isiyofaa kushikwa mtoto. Slim alikuwa amekufa na hakuweza kujibu. Barabara ya Canberra iliyokuwa na jina lake ilibadilishwa jina. Mimi siwezi kuhukumu, lakini siwezi pia kuandika maisha yake nikawaruka wale wazee. Niliyemjua kwa kuwajali askari wa chini kabisa, watoto wasio na wazazi karibu wanamkumbuka hivyo.

Alifariki London tarehe 14 Desemba 1970. Sanamu yake iko Whitehall tangu 1990, mbele ya Wizara ya Ulinzi, amevaa kofia pana ya Wagurkha na darubini mkononi. Karibu na Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan, kuna nguzo zilizoandikwa majina ya karibu watu 27,000 ambao miili yao haikupatikana, wa Afrika Mashariki wakiwemo.

Nimekaa na maisha haya muda mrefu sasa. Najua Slim alizaliwa lini, baba yake aliuza nini, jina lake la bandia na maana yake. Mwaka jana nilikwenda Tabora kumwona bibi, ambaye sasa haoni vizuri lakini kumbukumbu zake ziko sawa, nikamsimulia habari za vidonge vya njano na amri ya asilimia 95. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza kama anaikumbuka ile sauti ya babu.

"Ile haikuwa sauti yake," alisema bibi. "Ile ni ya sajini wake. Alikuwa anamwiga tangu siku aliyorudi. Yule sajini alibaki kule kule, mjukuu wangu, ng'ambo ya mto."

Nikamwuliza jina. Akafikiri kwa muda mrefu, vidole vikitembea kwenye ukingo wa kanga yake, akasema babu alikuwa akimwita "Sajini" tu.